Kuishi na Bipola: Mwongozo wa Kazi ya Siku za Utulivu

Ugonjwa wa bipola haukai kwenye kilele chake siku zote. Kati ya kipindi kimoja na kingine hupita miezi, na mara nyingi miaka, ambapo mwenye ugonjwa huu hulala vizuri, hufanya kazi yake, hulipa karo na kuhudhuria chama kama jirani yake yeyote. Wengi huzipokea siku hizo kuwa ushahidi kwamba wamepona, wakaiacha kliniki na dawa. Mimi naamini kwamba hizo ndizo siku za kazi, kwa sababu karibu kila jambo litakalomwokoa mtu wakati wa dharura sharti liwe limepangwa akili ikiwa imetulia. Mwongozo huu unamlenga mtu wa Nakuru, Kisumu au popote magharibi mwa Kenya ambaye ameambiwa kwamba ana bipola, pamoja na jamaa wanaoishi naye.

Hatua ya kwanza: Zijue sura za ugonjwa

Bipola ni ugonjwa unaovuruga hali ya moyo, nguvu za mwili na usingizi kwa vipindi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa nao. Mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na katikati ya miaka ya ishirini, ndiyo maana huwapata wengi wakiwa chuoni au wakiwa ndio kwanza wameajiriwa. Huonekana zaidi katika baadhi ya koo, lakini watoto wengi wa wazazi wenye bipola hawaupati kamwe.

Sura ya kwanza ni msisimko wa kupita kiasi, ambao madaktari huuita mania. Hudumu angalau siku 7, au muda mfupi zaidi iwapo mtu amelazimika kulazwa. Mgonjwa hulala kwa muda mfupi sana na kuamka bila uchovu, huongea kwa kasi, mawazo yake hukimbizana, hujiona ana uwezo au wito ambao wengine hawana, na hukasirika anapozuiwa. Katika maisha yetu sura hii humwonyesha mtu anayekopa kwenye programu kadhaa za simu usiku mmoja, anayeuza ng'ombe wa familia kwa bei ya kutupa ili aanzishe biashara tatu kwa mpigo, au anayehubiri barabarani Kondele hadi alfajiri ilhali hajawahi kuwa mhubiri. Wengine husikia sauti au huamini mambo yasiyokuwepo. Ipo pia hipomania, ambayo ni nyepesi zaidi na hudumu angalau siku 4. Hiyo ni ngumu kuitambua kwa sababu mtu huonekana hodari na mcheshi, na watu humpongeza badala ya kumuuliza kama amelala.

Sura ya pili ni mfadhaiko mzito unaodumu angalau wiki 2: moyo hujaa huzuni au ganzi, mtu hupoteza hamu ya chakula na ya watu, hushindwa kuinuka kitandani, hujilaumu kwa kila jambo, na huenda akafikiria kifo. Watu wengi wenye bipola huishi katika mfadhaiko kwa muda mrefu zaidi kuliko katika msisimko. Kuna nyakati sura hizi mbili huchanganyika, mtu akawa na huzuni kali na nguvu nyingi kwa wakati mmoja, na hali hiyo ni ya hatari kubwa.

Familia nyingi katika maeneo yetu huanza kwa kutafuta chira (laana ya kuvunja miiko), uchawi au pepo. Sikusudii kumtoa mtu katika imani yake, kwani sala na dawa zinaweza kwenda pamoja, na wako wachungaji wengi ambao wamewasindikiza waumini wao hadi hospitalini. Hata hivyo, yeyote anayemwagiza mgonjwa aache dawa, anayemnyima chakula au anayemfunga kamba anamdhuru, hata kama nia yake ni njema.

Hatua ya pili: Tafuta utambuzi ulio kamili

Kisumu, huduma hii hupatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia. Nakuru, nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, na Gilgil nako kuna kitengo cha wagonjwa wa akili. Wengi wa Bungoma na Trans Nzoia hupelekwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Si lazima uanze kwa daktari bingwa: afisa wa kliniki au muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya kaunti ndogo anaweza kuanzisha matibabu na kukupa rufaa. Ulizia siku za kliniki ya akili kabla ya kulipa nauli, na ujisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147#, kisha uiulize ofisi ya bima hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa.

Kosa linaloumiza watu wengi hutokea ndani ya chumba cha daktari. Mtu huenda kliniki akiwa katika mfadhaiko, akaueleza mfadhaiko huo peke yake, akapewa dawa ya mfadhaiko kama vile fluoksetini bila dawa ya kutuliza hali ya moyo, na baada ya wiki chache akarushwa katika mania. Kwa hiyo eleza pia nyakati ulizojihisi vizuri kupita kiasi. Andika kabla ya kwenda: ni lini ulilala kidogo sana bila kuchoka, ni lini ulitumia fedha kwa namna iliyowashangaza watu, ni nani katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo au aliyejiua. Uende na jamaa aliyekuona katika siku hizo, maana mtu aliye katika msisimko mara nyingi hajioni kuwa mgonjwa.

Usishangae ukipimwa malaria, virusi vya Ukimwi, kaswende, sukari na tezi ya koo, wala usione aibu kuulizwa kuhusu bangi, miraa na pombe. Mambo haya yote yanaweza kuleta hali inayofanana na bipola, na daktari makini huyaondoa kwanza.

Hatua ya tatu: Zijue dawa zako kama unavyoijua simu yako

Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza mwaka wa 1949 kwamba hutuliza mania, bado ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mkubwa zaidi wa kuzuia ugonjwa usirudi, na hupunguza vifo vya kujiua. Hata hivyo, ni dawa inayohitaji uangalifu, kwa kuwa kiwango kinachotibu hakiko mbali na kiwango kinachodhuru. Kwa watu wengi wanaoitumia kwa muda mrefu, madaktari hulenga kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita moja ya damu, wakati mwingine hadi 1.0, na inapopita 1.5 hatari ya sumu huwa kubwa. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: ukimeza saa mbili usiku, fika maabara saa mbili asubuhi kabla ya kumeza nyingine. Figo na tezi ya koo hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6 hivi. Kabla hujakubali kuanza lithiamu, uliza kama maabara ya hospitali yako hupima kiwango chake, na kama haipimi, ni maabara gani iliyo karibu na kwa bei gani.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu maisha ya ukanda wa ziwa yana mitego yake. Lithiamu hupanda katika damu mwili unapokosa maji na chumvi. Malaria yenye kutapika, kuhara, kazi ya kutwa juani pwani ya Dunga, au mfungo wa maombi bila maji, yote yanaweza kuipandisha hadi ikawa sumu. Ukianza kutapika au kuhara, usimeze dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na kliniki. Mikono ikitetemeka sana, ukiyumba, ulimi ukiwa mzito au akili ikichanganyikiwa, nenda hospitali mara moja. Dawa za maumivu zinazouzwa kila duka la dawa, kama diclofenac na ibuprofen, nazo huipandisha. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba unatumia lithiamu. Usipunguze chumvi kwa ghafla kwa kuwa tu mtu amekushauri hivyo.

Kabamazepini, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Tegretol, ina mtego wa aina nyingine. Hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi na kipandikizi cha mkononi, na mwanamke anaweza kushika mimba akiamini kwamba amejikinga. Koili au sindano ya Depo haiathiriki kwa namna hiyo. Vilevile hushusha kiwango cha dolutegravir, dawa ya Ukimwi inayotumiwa na wengi katika kaunti zetu. Anayetumia dawa hizi mbili lazima kliniki zote mbili zijue, ili dozi irekebishwe. Najua kwamba wengi huficha kadi moja wanapoenda na nyingine. Tafadhali usifiche.

Kuhusu valproeti, ambayo pia huitwa Epilim, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba isitumiwe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba, kwa sababu huleta kasoro za kuzaliwa na kuathiri ukuaji wa akili ya mtoto. Kama wewe ni mwanamke na umeandikiwa, uliza kuhusu dawa nyingine, lakini usiiache ghafla kabla ya kuonana na daktari. Kama una mimba au unapanga kushika mimba, iambie kliniki ya wajawazito kuhusu bipola mapema, kwani wiki za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi ambacho ugonjwa hurudi kwa urahisi sana.

Olanzapini, risperidoni, kwetiapini na haloperidoli hutumika pia, hasa kutuliza mania. Baadhi huongeza uzito na sukari, nyingine hukaza misuli. Ukiona madhara, sema ili ubadilishiwe. Kuacha lithiamu ghafla huweza kurudisha mania kwa kasi. Hata daktari anapokubali kuiondoa, huipunguza kwa angalau wiki 4, na ni bora zaidi ikiwa miezi 3.

Hatua ya nne: Ulinde usingizi

Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu baada ya dawa, ningechagua usingizi. Kukosa usingizi ni dalili ya mania, na papo hapo ni kichocheo chake, hata usiku mmoja wa kukesha unaweza kuwasha moto kwa mtu aliyekuwa salama. Lala na uamke saa zilezile, hata Jumapili.

Ugumu ni kwamba jamii yetu imejengwa juu ya kukesha. Kuna kesha za kanisa, kuna matanga ya siku kadhaa, kuna zamu za usiku za walinzi, za wauguzi na za wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha. Mwombe daktari barua inayoeleza kwamba unahitaji zamu za mchana kwa sababu za kiafya, na barua hiyo haihitaji kutaja jina la ugonjwa. Kwenye matanga, fika mchana, toa mchango wako, kaa na wafiwa, kisha uondoke jua likizama; jamaa mmoja mwenye heshima awaeleze wazee mapema kwamba una dawa za usiku, ili kuondoka kwako kusichukuliwe kuwa dharau. Muguka na miraa hufukuza usingizi na kuuchochea ubongo, na sioni kiasi chake ambacho mwenye bipola anaweza kukiita salama.

Hatua ya tano: Weka daftari

Daftari la shule linatosha. Kila jioni andika mistari michache: ulilala kwa muda gani, hali ya moyo kuanzia 0 hadi 10, kama umemeza dawa, na jambo lolote kubwa lililotokea. Baada ya miezi michache utaanza kuona dalili zako za mapema, ambazo hazifanani na za mtu mwingine. Mmoja huanza kwa kupiga simu kwa watu aliosoma nao shule ya msingi. Mwingine huanza kuvaa nguo za rangi kali, au kupika saa nane usiku. Waulize pia mke, mume, ndugu au dada waliona nini wiki ya kwanza ya kipindi kilichopita. Wao mara nyingi waliona kabla yako.

Hatua ya sita: Andika makubaliano na jamaa zako

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, ilhali ndiyo inayookoa ardhi, ndoa na uhai. Ukiwa mzima, keti na watu wawili unaowaamini, mwandike karatasi moja kwa lugha mnayoitumia nyumbani. Chagua watu ambao unaweza kukubali neno lao hata ukiwa na hasira. Si lazima wawe wakubwa wa ukoo.

Anzeni na dalili: "Nikilala kwa muda usiofika saa nne kwa siku mbili mfululizo, Mama au Otieno atanipeleka kliniki, hata nikikataa kwa maneno." Kisha fedha. Hati ya shamba na kitabu cha gari au pikipiki vihifadhiwe na mtu mwingine. Akiba kubwa iwekwe kwenye sacco au akaunti inayohitaji sahihi mbili, ili simu yako iwe na fedha za matumizi ya kawaida tu. Jiondoe kwenye Fuliza na mikopo mingine ya simu ukiwa mzima, na mkubaliane kwamba ununuzi wowote unaozidi kiasi fulani utasubiri siku tatu. Kipengele hiki huuma, kwa sababu mtu mzima hapendi kusimamiwa, na jamaa wasikitumie kumnyang'anya mtu uhuru wa fedha zake miezi yote ya mwaka. Andikeni wazi kwamba mamlaka hayo huanza dalili zinapoonekana na hukoma daktari anaposema umetulia.

Andikeni ni hospitali gani upelekwe, ni dawa gani iliyokusaidia na ipi iliyokudhuru, nani atakaa na watoto, nani atafungua kibanda sokoni, nani atampigia mwajiri. Andikeni pia usiyoyataka: kufungwa kamba, kupigwa, kupigwa picha, kujadiliwa katika kundi la WhatsApp la ukoo. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, inatambua haki ya mgonjwa ya kushiriki katika mpango wa matibabu yake na ya kutunziwa siri. Karatasi hii humsaidia daktari kukusikia siku ambayo huwezi kujieleza. Tieni sahihi, kila mmoja abaki na nakala, na moja iwe ndani ya kitabu cha kliniki.

Hatua ya saba: Siku ya dharura

Sehemu hii naiandikia jamaa. Mgonjwa aliye katika mania asizungukwe na umati. Watu wawili watulivu wanatosha. Zimeni redio, semeni polepole na kwa maneno machache, msibishane naye kuhusu anayoyaamini. Msimbebe kwa bodaboda, kwa sababu anaweza kuruka njiani. Tafuteni gari, jamaa mmoja akae kando yake, na mchukue karatasi ya makubaliano pamoja na dawa zake zote.

Mgonjwa akisema kwamba amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, muulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo jipya, na mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Msimwache peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa shambani, vidonge vya nyumba nzima na kamba viondolewe au vifungiwe kwa jirani. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo kwa ushauri, lakini hatari ikiwa ya sasa hivi, nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Msiogope polisi: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Hatua ya nane: Baada ya kipindi kupita

Mania inapoisha, mara nyingi mfadhaiko huifuata, na pamoja nao aibu ya yaliyofanyika. Huu si wakati wa kikao cha ukoo cha kumhesabia mgonjwa makosa. Mpeni wiki kadhaa za kulala na kula, arudi kazini taratibu, nusu siku ikiwezekana. Baadaye, akiwa na nguvu, orodhesheni madeni pamoja naye, mwende kwa wakopeshaji mkiwa wawili na mwombe kulipa kidogo kidogo, na yeye aombe radhi kwa watu aliowaumiza, mmoja mmoja na kwa wakati wake. Kisha keti tena na wale wawili, msome karatasi yenu mstari kwa mstari, mfute kilichoshindikana, mwongeze dalili mpya mlizoziona safari hii, na mpeleke nakala mpya kliniki siku ya miadi inayofuata.